Kivinjari cha Mashine ya Kona

Mwalimu hakupenda mtu aingie dukani kwake akasema, "Nifungulie intaneti." Alikuwa akimtazama mtu huyo juu ya miwani, vidole vikiendelea kuchapa barua ya mteja mwingine, kisha anamuuliza, "Intaneti ni kopo la maziwa? Kinachofunguliwa ni kivinjari. Wewe unataka kipi?" Wengi hawakujua kwamba kuna kipi na kipi. Waliona vialama vya rangi kwenye kioo cha kompyuta, wakabonyeza kilicho karibu na kidole. Kwake hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza la mtu mzima, na alilikemea kwa uzito ambao watu wengine huuweka kwenye mambo ya posa.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kilipakana na duka lake pale Rahaleo, Mtwara, ukuta wa mbao ukiwa katikati yetu, na mbao hazina siri. Kwa miaka mingi nilimsikia akifoka, akifundisha, akisoma kwa sauti barua za maombi ya kazi ili mwenye barua aone aibu ya makosa yake. Na katika kipindi kile kibaya nilimsikia akinyamaza. Kunyamaza kwake kulinitisha zaidi ya kufoka kwake.

Duka lilikuwa na kompyuta tatu. Mbili za mbele zilikuwa za wateja. Ya tatu ilikaa kona, imefunikwa kitambaa cheusi nilichomshonea mwenyewe, na mteja akiiulizia aliambiwa ni mbovu. Haikuwa mbovu. Sisi majirani tulijua hivyo na tulijua kwa nini. Ndani ya kivinjari cha mashine ile, sanduku la barua pepe la mwanawe lilikuwa wazi, kama alivyoliacha kabla ya kuvuka mto Ruvuma. Kijana alikuwa ng'ambo, kimya, na hakuna aliyejua kama ni mzima. Mwalimu, mama yake, hakuwa na neno la siri la sanduku lile. Likijifunga, basi.

Hilo nitalirudia, maana ndilo lililokuwa likimla. Lakini ukimjua kwa hilo tu, hujamjua.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa amefundisha taipu. Nusu ya makarani waliozeeka katika mji huu walipita mikononi mwake, enzi za mashine zile za chuma zenye kengele. Njia yake ilikuwa moja. Alikufunika mikono na kitambaa cheusi, ukachapa bila kuona vidole vyako, macho kwenye karatasi. Ukiinamisha kichwa kuchungulia, alikugonga kisogo na rula. "Usitazame chini," alikuwa akisema. "Mikono inajua njia." Kompyuta zilipokuja alibadili mashine, hakubadili kitambaa. Hata mimi, niliyetaka tu kujifunza kutafuta picha za mishono, nilichapa majuma kadhaa nikiwa gizani, nikimtukana kimoyomoyo.

Kimoyomoyo kwa kuwa ndiyo kwanza tulikuwa tunafahamiana. Baadaye nilimtukana waziwazi, na kwa haki. Baba yangu alikuja Mtwara akitokea Songea, mimi ni Mngoni. Mwalimu ni Myao. Wazee wetu walipigana zamani wakamaliza ugomvi kwa kuachiana utani, na mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Akija mteja mzuri kwangu aliita kupitia mbao, "Dada, hesabu vitambaa vyako kabla hujaondoka, huyo Mngoni." Nami nilijibu kwamba Myao akishajua kusoma hata mbuzi wake hawamwelewi. Wageni walidhani tuna kesi. Lakini mtani ana kazi pia. Nyumba ikifiwa, mtani ndiye anayeingia hadi kwa wafiwa akawachekesha, anayedai ubwabwa kabla ya wenye msiba, na anayetumwa kusema neno ambalo ndugu wa damu wanaona haya kulisema. Kazi hiyo sikuitaka, na ilikuwa inanijia.

Alikuwa na maswali matatu kwa mtu aliyenunua kompyuta. Mashine yako ina nguvu kiasi gani? Bando lako ni la kutumia au la kubembeleza? Na nani mwingine anaigusa? Kabla hujajibu hayo, hakukuwekea kivinjari chochote. Vivinjari alivipa majina yake mwenyewe, kufuatana na alama zao. Kulikuwa na Duara, ambacho alisema kina haraka lakini kinakula kama wageni wa harusi, kwa hiyo mashine dhaifu ikikibeba inahema. Kulikuwa na Mbweha, mpole kidogo, anayekubali kunyamazishwa matangazo. Kulikuwa na Herufi ya Buluu, kinachokuja na mashine tangu dukani. "Usikitumie kwa sababu tu umekikuta," alisema. "Na usikichukie kwa sababu hiyo. Kijaribu." Na kulikuwa na vile vidogo vya simu vinavyobana kurasa ili bando lisiishe, ambavyo alivisifu kwa kusoma habari na kuvikataza kwa kujaza maombi, kwa kuwa kurasa nyingine hubanwa mpaka kitufe cha kutuma kikapotea.

Mkulima mmoja wa korosho kutoka upande wa Naliendele alileta kompyuta ya mtumba aliyoinunua kwa ajili ya kazi za kikundi chao. Akaulizwa maswali yake matatu, akajibu kwa unyenyekevu, akawekewa Mbweha. Alipojaribu kufungua barua pepe yake humo, simu yake ikatetemeka mfukoni. Kioo kilimwambia kwamba kuna mtu karibu na Mtwara anajaribu kuingia kwenye sanduku lake. Ni wewe? Ndiyo au Hapana. Yule bwana, kwa kuogopa wezi, akabonyeza Hapana, akajifungia nje mwenyewe.

"Wewe uko wapi?" Mwalimu alimuuliza.

"Niko hapa."

"Hapa ni wapi?"

"Mtwara."

"Basi mwizi ni wewe. Bonyeza Ndiyo ujikaribishe."

Ilikuwa kawaida. Kila ukihamia kivinjari kipya, mwenye sanduku huulizwa kwenye simu yake, popote alipo. Mwalimu aliwaeleza wateja jambo hilo kila siku, mimi nikilisikia huku nakanyaga pedeli, na sikuwaza kwamba siku moja litatugeukia.

Kisa cha Ustadh ndicho kilichompa kanuni yake kubwa. Ustadh wa madrasa ya mtaa wetu alikuja kutafuta mawaidha, foleni ikiwa nyuma yake imejaa. Akaandika herufi ya kwanza tu, mashine ikamkamilishia: mkeka. Zikajipanga kurasa za kubeti mpira, moja chini ya nyingine, na foleni nzima ikaziona. Masikini alisimama akashika kofia yake. "Wallahi mimi sijawahi," alisema.

"Kaa, Ustadh," Mwalimu alimwambia. "Si wewe. Ni aliyekaa hapo kabla yako, na kivinjari kina mdomo mrefu." Aliyekaa kabla yake alikuwa bado mlangoni, anakunywa maji. Mwalimu alimjua, mimi nilimjua, na hakumtaja wala kumtupia jicho. Tangu hapo kila mteja alifunguliwa dirisha la faragha, lile jeusi ambalo likifungwa linasahau kila kitu. Jioni alipita mashine zote mbili za mbele akifuta historia, majina, maneno ya siri yaliyobaki. Alisema kivinjari kinachokumbuka mambo ya watu ni shahidi asiyeitwa. Na kwa wenye mashine zao alisisitiza kusasisha. Kivinjari kisichosasishwa, alisema, ni mlango wa kitasa kibovu, ukilala nao usilalamike.

Kisha alifunga mlango wa mbele, akaenda kona, akafunua kitambaa, akakaa mbele ya kivinjari cha zamani kuliko vyote mjini, kisichosasishwa tangu kijana aondoke, kinachokumbuka sanduku lisilo lake. Nilimuuliza mara moja kanuni zake zimeishia wapi. Alisema, "Mngoni, kanuni ni za wateja." Hakuwa anatania, nikaacha.

Kijana yule naye alijifunza taipu chini ya kitambaa. Ndiye aliyeunganisha mashine zile tatu, fundi mzuri, mcheshi, mbishi kama mama yake. Alitaka kwenda ng'ambo kuwafungia wafanyabiashara kompyuta. Mama hakutaka, kwa kuwa habari za kule hazikuwa nzuri wakati ule, watu wakikimbia huku na huku. Waligombana wiki nzima, na siku ya mwisho nilisikia kila neno kupitia mbao. Alimwambia, "Ukivuka ule mto, usije ukaniita mama." Kijana alivukia kivukoni Kilambo asubuhi iliyofuata. Mwanzoni alikuwa akinitumia mimi salamu, si mama yake. Halafu salamu zikakatika, simu yake ikawa haipatikani, na ng'ambo kukachafuka kweli.

Mzazi wa kwetu akikuondolea radhi, hata ukila hushibi. Mwalimu alilijua hilo, alilifundisha wengine, na neno lile lilimtoka kinywani mwake mwenyewe. Alikonda. Alianza kuchapa makosa. Siku moja aliniita akaniomba nikae karibu naye, akaandika kwenye mashine ya mbele, kutoka sanduku lake mwenyewe: "Mwanangu, maneno yale nimeyarudisha. Radhi zangu zote unazo. Nijibu hata neno moja." Akatuma. Tukaenda kona, tukauona ujumbe ukiingia kwenye sanduku la kijana, mstari umekoza kama inavyokuwa barua ambayo haijafunguliwa.

Ukabaki umekoza. Msimu wa korosho uliingia, wauza mabibo wakapita mlangoni na ndoo zao, msimu ukaisha. Kila asubuhi alifunua kitambaa, akatazama, akafunika. Nilikuwa naisubiri sauti ya kiti chake kurudi mbele, na kwa namna kilivyoburutwa nilijua hakuna jipya.

Asubuhi moja aligonga mbao kwa ngumi. Nilikwenda na sindano mdomoni. Mstari ulikuwa mwembamba. Mtu alikuwa ameufungua ujumbe, mahali fulani, kwa simu fulani.

"Umegusa wewe?" aliniuliza.

"Nina ufunguo wa duka lako mimi?"

"Niapie."

Niliapa. Alikaa chini. Nilidhani atafurahi, na kwa dakika chache alifurahi kweli, kisha akaanza kufikiri, na kufikiri ndiko kulikomuumiza. Anaweza kuwa kasoma akakataa radhi. Anaweza kuwa kaibiwa simu, mwizi ndiye anayesoma. "Mwizi ataisoma barua ya mama wa mtu?" nilisema. Kuanzia hapo alichungulia kona mchana pia, katikati ya wateja, na baadhi ya barua nyingine za kijana nazo zilikuwa zikikoza na kufifia. Hakufungua hata moja. Ninaamini hivyo kwa sababu angefungua zingefifia zote. Alitazama mistari tu, kama mtu anayetazama moshi wa jiko la jirani ajue kama wamepika.

Nilimwambia aingie kwa kivinjari kipya, simu imuulize kijana, tujue moja. Alinifukuza. "Akibonyeza Hapana?" alisema. "Atajua namchungulia, atabadili neno la siri, na hata hiki nitakikosa."

Mtu pekee ambaye Mwalimu alimruhusu kumuulizia kijana ng'ambo alikuwa mama mmoja wa Kilambo, ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo, aliyeniuzia vitenge na kumletea Mwalimu ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha. Mama huyu alipenda kusoma habari za upande wa pili, na Mwalimu alikuwa amemwekea kwenye simu kivinjari kinachotafsiri Kireno chenyewe. Tafsiri ilikuwa mbovu kiasi kwamba siku moja alisoma kwamba wakuu wamekutana kula mto. Kila alipokuja, Mwalimu alimtazama bila kusema, na yeye alijibu swali ambalo halikuulizwa.

"Nnaulizia kila nikivuka, Mwalimu. Watu wa kompyuta wapo. Wako sijamwona bado."

"Ahsante, mama. Ming'oko leo ina pilipili?"

"Ipo."

Sote tulikula tukitazama chini. Nilichukia kimya kile, nilikichukia sana, lakini mtani hachekeshi msiba ambao wenyewe hawajautangaza.

Halafu ukaja utepe wa njano. Ulitokea juu ya ukurasa kwenye ile mashine ya kona: kivinjari chako kimepitwa na wakati, sasisha au tumia kingine. Mwalimu aliufunga. Kesho yake ulirudi. Baadaye uliongeza maneno, kwamba mwezi ukiisha sanduku halitafunguka tena kwenye kivinjari hiki. Na mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, hakuna kivinjari kipya ambacho ingekubali. Nilimsikia akiusoma utepe ule kwa sauti ya chini, kila siku, kama vile maneno yatabadilika akiyasoma vizuri.

Wiki hiyohiyo akaja kaka yake kutoka Masasi. Kwa Wayao mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, na huyu alikuwa mjomba kamili, mzee mpole wa sauti, mgumu wa shingo. Hakwenda kwa dada yake kwanza. Alikuja kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja, akanishika mkono.

"Mtani," alisema, "tumekaa kikao cha ukoo. Mtoto amepotea, mwaka umepita. Tunataka kumsomea hitma, nyumba ipumzike. Mchele umeshatengwa. Dada yangu hatanisikia mimi. Hiyo ni kazi yako."

"Mzee, kijana anasoma barua zake."

"Umemwona?"

"Nimeona mistari."

"Mistari," alisema, bila dharau, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Mtu hakai katikati, mtani. Si mfiwa, si mwenye mtoto. Mwaka mzima. Mwambie."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na ukoo wake na mchele wao, na yule kijana zaidi ya wote. Lakini alikuwa na haki ya kunituma, na sikuwa na haki ya kukataa. Nilijifunga khanga kiunoni kama tunavyofanya watani tukiingia msibani, nikaingia dukani kwa Mwalimu, kaka yake akinifuata nyuma. Ilikuwa saa za adhuhuri, wateja wameondoka. Mwalimu aliniona nilivyojifunga, akaelewa kabla sijafungua mdomo. Uso wake ulibadilika.

"Toka," alisema.

"Sitoki. Mimi mtani wako. Nimetumwa nikuambie mwanao amekufa, nidai ubwabwa wangu." Utani haukukaa. "Sasa mimi siutaki ubwabwa huo mpaka nijue. Utepe wa njano utakufungia mwisho wa mwezi. Unachokiogopa kitakuja hata ukikaa. Basi tumuulize mwenyewe."

Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni, fimbo mkononi. Feni ilizunguka. Mwalimu aliitazama kona, akatazama mashine ya mbele, kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kutafuta maneno ya kuomba msamaha.

"Kivinjari gani?" aliniuliza mwishowe.

"Unaniuliza mimi?"

"Nimewachagulia watu mji mzima. Leo nichagulie wewe."

Nilimuuliza kama alivyotufundisha. "Mashine ina nguvu gani?"

"Ya kawaida."

"Bando?"

"La wiki. Lipo."

"Nani mwingine anaigusa?"

"Mji mzima," alisema.

"Basi Mbweha. Na dirisha la faragha."

Alitikisa kichwa kukubali. Alijua maana yake sawasawa na mimi. Tukiingia, tutaingia mara moja tu, na dirisha likifungwa hakuna kitakachobaki, na ile ya kona haina muda. Nilimwambia ningeweza kumwekea dirisha la kawaida, likumbuke. Alisema hapana, na alisema kwa ukali wa zamani, hata nikapata nguvu.

Alikaa. Akaweka mikono kwenye vitufe, na mikono ikakataa. Nilikwenda kona, nikavuta kile kitambaa cheusi, nikamfunika mikono. Aliinua macho ukutani. Akachapa anwani ya mwanawe bila kosa.

Mashine ikauliza neno la siri. Akachagua njia nyingine. Ikasema imetuma ombi kwenye simu ya mwenye sanduku, na kiduara kikaanza kuzunguka.

Nilifikiria ile simu, popote ilipo, inatetemeka mfukoni mwa mtu, na maneno yanayosema kuna mtu karibu na Mtwara. Nilifikiria mwizi. Nilifikiria simu iliyozimwa, imelala kwenye mchanga wa mto. Kaka yake alianza kusoma kitu kwa midomo tu, na sikujua kama anasoma ya kumwombea aliye hai au aliyekufa. Mwalimu hakushusha macho ukutani. Kiduara kilizunguka, kikasita, nikadhani ni bando, kikazunguka tena.

Ukurasa ukafunguka.

"Mwalimu," nilisema. "Amekubali."

"Nani amekubali?" Hakushusha macho. "Tazama wewe. Niambie."

Nilitazama. Barua yake ilikuwa kule chini, nyembamba, mahali pake pa siku zote. Nilimwambia ipo. Nilikuwa sijamaliza kusema pale ilipopanda. Iliruka mistari yote ikakaa juu kabisa, na pembeni yake pakaandikwa kwamba ina jibu.

"Amekujibu," nilisema. "Sasa hivi. Jibu liko hapa, nifungue?"

"Usifungue."

"Mwalimu."

"Hilo ni sanduku la mtu." Alitoa mkono mmoja chini ya kitambaa, akashika kipanya, akafunga dirisha. Likapotea na kila kilichokuwemo. Kaka yake aliguna kama aliyechomwa mwiba. "Barua ni yangu," Mwalimu alisema. "Nitaisoma kwangu."

Akafungua dirisha jipya, akaingiza anwani yake mwenyewe, neno lake la siri, chini ya kitambaa, macho ukutani. Nilitaka kumpiga. Sanduku lake lilipofunguka aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio, akaivaa. Akasoma mwenyewe, kisha akasoma kwa sauti ili kaka yake asikie:

"Mama, mikono inajua njia."

Alirudia neno la kwanza tu, mara kadhaa, polepole. Kaka yake aliegemeza fimbo ukutani akakaa sakafuni palepale mlangoni, mzee mzima na kanzu yake. Mimi nilikuwa nalia, na kwa kuwa nililia sikuweza kufanya kazi ya mtani, nikajilazimisha.

"Basi nimedhulumiwa," nilisema. "Mchele umetengwa Masasi, nimejifunga khanga, nimeacha gauni la mteja mezani, na maiti anaandika barua. Wayao nyie hata msiba hamwezi kuumaliza. Ubwabwa wangu uko wapi?"

Kaka yake alikuwa wa kwanza kucheka. Mwalimu alijaribu kunijibu tusi, akashindwa, akauvuta kile kitambaa cheusi akajifunika uso, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilisubiri hapo mpaka alipokitoa. Kisha alinyanyuka, akaenda kona, akakaa mbele ya mashine ya zamani, akafuta historia, majina, na kila kitu ambacho kivinjari kile kilikuwa kikikumbuka.